Karatasi Zilizonukia Udi

Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa kazi yangu ilikuwa kusema karibu. Sifanyi mzaha, nililipwa kwa hilo. Nilikaa kwenye meza ndogo mlangoni mwa duka la cherehani kule Kinondoni, nimejifunga kilemba changu kizuri, na kila mwanamke aliyekanyaga kizingiti nilimwamkia, nikamkaribisha, nikapokea karatasi aliyokuja nayo. Mtu akiniuliza leo nilikuwa nafanya kazi gani pale, napata tabu kumjibu. Nilichodhani nakifanya na nilichokuwa nakifanya vilikuwa vitu viwili, na mpaka sasa sina hakika ni lini nilianza kuijua tofauti yake.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Juzi tu tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, mtu anaweka jiwe limshikie nafasi, anakwenda kumnyonyesha mtoto na kurudi. Ghafla maduka yakajaa vitu, na wenye maduka ndio wakawa wanatutafuta sisi. Jambo hilo lilituchanganya. Mtu aliyezoea kumbembeleza muuzaji hajui aweke wapi mikono yake siku muuzaji anapombembeleza yeye. Tajiri wa duka letu, mtu wa makamo, mpole, ambaye ili umsikie ilibidi usogee, alileta cherehani nyingi kutoka nje, akabandika bango kubwa, akangoja. Wanawake wakapita, wakalitazama bango, wakaenda zao. Ndipo akagundua kwamba mwanamke haji dukani kwa sababu ya bango. Anakuja akiambiwa na mwanamke mwenzake.

Basi akatafuta wanawake wenye maneno, akawaita mawakala. Kila wakala alipewa namba yake na kitabu cha karatasi ndogo zilizogongwa mhuri wa namba hiyo. Ukimshawishi mtu anunue cherehani, unamchania karatasi moja. Naye akienda kununua anaitoa, na karani anakuchorea kijiti kimoja kwa chaki kwenye ubao mweusi uliotundikwa nyuma ya kaunta. Vijiti vyako vikifika thelathini unapewa cherehani, yako, bure. Kila Jumamosi tajiri alizihesabu karatasi kwa mkono wake, akalinganisha na vijiti, akaridhika.

Namba kumi na nne alikuwa mama mdogo wangu.

Huyu ni mdogo wake marehemu mama, na ndiye aliyenilea, katika nyumba ya vyumba vitatu kule Mwananyamala, nyuma ya hospitali. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kwake na sanduku moja, naye hakuniuliza neno. Alikuwa kungwi. Nusu ya wanawake wa mitaa ile aliwacheza yeye: aliwapokea walipovunja ungo, akawafunda, akawatoa, na walipoolewa akawasindikiza. Mwanamke hamdanganyi kungwi wake. Anaweza kumdanganya mume, mama mkwe, hata mama aliyemzaa, lakini kungwi ana yale aliyokufundisha ukiwa huna pa kujificha. Mama mdogo aliishi kwa hilo. Neno lake likisimama, limesimama, na neno la wale aliowacheza vilevile.

Cherehani hiyo aliitaka kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu. Magoti yalikuwa yameanza kumsaliti, na ngoma inataka magoti. Aliona siku inakuja ambayo hataweza kuinuka mbele ya mwali, na alitaka siku hiyo imkute ana kiti chake na kazi yake. "Mie sitaki kulishwa kwa kijiko," alikuwa akisema. Mtu ambaye angemlisha kwa kijiko nilikuwa mimi, kwa hiyo nami niliitaka.

Ni yeye aliyenipeleka dukani. Alisikia tajiri anatafuta mwanamke wa kukaa mlangoni, mwenye adabu, anayejua kusoma, akamwambia, "Ninaye, na nimemfunda mwenyewe."

Karani nilimkuta pale nilipoanza kazi. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni na namna ya kuzungumza kama mtu ambaye jambo hilo alikwisha kukueleza jana. Wiki yangu ya kwanza aliniletea tatizo la pindo. Wanawake wetu vitu vya maana huvifunga kwenye pindo la khanga: nauli, ufunguo, vidonge vya mtoto. Karatasi za mawakala nazo zilifungwa humohumo. Mtu ametembea kutoka Mwananyamala na jua lote lile, akifika akifungua fundo anatoa kitu kilicholowa jasho, kimejikunja, na wino umetambaa.

"Sista, ukiona imelowa au imechanika, pokea, mpe safi," karani aliniambia, akaniwekea mezani kitabu cha karatasi mpya. "Tajiri hataki uchafu Jumamosi."

Niliutazama mhuri wa zile mpya. Ulikuwa na namba ishirini na mbili. Nikamwuliza hiyo ni namba ya nani.

"Hiyo namba ya meza yako tu. Zile kuukuu tia kwenye boksi hapo chini. Jioni mie naoanisha, kila namba inapata kijiti chake."

Naoanisha. Neno hilo lilinituliza kabisa. Niliona ni neno la watu wenye makabati na funguo, na nilijisikia mtu wa ofisi kwa kulisikia tu. Basi nikawa naamkia, "Shikamoo mama, karibu ndani, hii imelowa, ngoja nikupe safi," nikipokea kwa mikono miwili na kutoa kwa mikono miwili. Mama wa watu anashukuru, mwingine ananiombea nipate mume mwingine mwenye heri. Nani angeng'ang'ania karatasi ya jasho mbele ya binti aliyempa shikamoo? Ukimjibu mtu marahaba umekwisha kumpokea.

Kidogo kidogo karatasi zikawa hazina haja ya kulowa. Karani akasema hata zilizokunjika. Baadaye akasema, "Wee badilisha tu zote, kurahisisha." Nikabadilisha zote. Nilipokwenda kula au kuswali, meza ilikaa bila mtu, na wanawake waliopita wakati huo walifika kaunta na karatasi zao walizokuja nazo. Sikuona kama hilo lina maana yoyote.

Jumamosi mawakala walikuja kuutazama ubao. Vijiti vya namba ishirini na mbili vilijaza mstari, vikashuka wa pili. Namba nyingine zilikuwa na vijiti vya kuhurumiwa. Tajiri akasimama mbele ya ubao, akawaambia wale akina mama kwa sauti yake ile ya kusogelewa, "Mwigeni huyu ishirini na mbili. Huyu ndiye mchapakazi." Karani akaeleza kwamba wakala huyo anakaa Mbagala, mtu wa kuumwaumwa, hawezi kuja, na cherehani yake atampelekea yeye. Ikapakiwa kwenye mkokoteni, watu wakapiga makofi.

Mimi nilikuwa mezani kwangu nasikiliza, na akili ikagoma. Namba ya meza yangu imekuwaje wakala? Meza yangu inaumwa nini? Imehamia lini Mbagala? Watu walipotoka nilimfuata karani nikamwuliza, tena kwa adabu, kama mtu anayeomba asamehewe kwa kutoelewa.

"Tajiri haelewi mambo ya ofisi," alinijibu. "Nikianza kumweleza habari za kuoanisha tutakesha hapa. Wee kaa mlangoni, sista. Unafanya vizuri sana."

Nikaondoka na ile sifa. Niliamini kwamba kuna jambo kubwa la kiofisi linaloeleza yote haya, na kwamba kama silioni ni kwa sababu niliishia kidato cha pili. Aibu ya kuonekana mjinga ni kitu kibaya sana, inaweza kumfanya mtu akae kimya mwaka mzima.

Nyumbani mama mdogo aliniuliza, "Huyo ishirini na mbili nani?"

"Sijui, mamdogo."

Haikuwa uongo. Haikuwa kweli pia.

Yeye alikwisha kupata jibu lake: chuma ulete. Asiyelijua jambo hilo hajawahi kuuza hata vitumbua. Unauza mchana kutwa, jioni ukifungua kibweta hamna kitu, kwa sababu kuna mtu mahali fulani amefanya dawa ya kuvuta, na fedha yako imeingia kwake. "Mie nahangaika na jua, nabembeleza watu," alisema mama mdogo, "yeye kakaa kitako kwake Mbagala anawavuta tu. Watu wangu wanaingia mlangoni wakiwa wangu, wakifika kaunta washakuwa wake!" Nilicheka. Sasa nikikumbuka sicheki, maana katika maneno yote niliyosikia mwaka ule, ya tajiri na ya karani na ya kwangu mwenyewe, yale tu ndiyo yalikuwa sahihi. Alikosea dawa peke yake.

Dawa yake ilikuwa udi. Alitia kaa kwenye chetezo, akatupia udi mzuri, ule aliouweka kwa ajili ya maharusi, akakiweka kitabu cha karatasi juu ya tenga na kukifunika khanga mpaka moshi ukaingia kila ukurasa. Alisoma alichosoma. Mimi ndiye niliyemshikia chetezo. Tangu hapo kila kitabu kipya kilifukizwa kabla ya kuchanwa karatasi ya kwanza, na mikono yake ikawa inanukia udi siku za kazi kama siku za harusi.

Vijiti vyake vikabaki tisa vilevile.

Mama mdogo hakujua kuandika, lakini kila aliyemwambia amenunua cherehani alimwekea kokwa ya ukwaju kwenye kopo la maziwa. Siku moja alilimwaga kopo juu ya mkeka, akapanga kokwa moja moja na kutaja wenyewe: yule wa kwa fundi baiskeli, yule mwenye mapacha, yule aliyeachwa akarudiwa. Walifika arobaini na mmoja. Akakaa akizitazama. Halafu akavaa khanga zake akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, akiuliza swali lilelile: karatasi yangu uliitoa? Wote waliapa kwamba waliitoa.

Hapo ndipo nilipomwona anaumia. Cherehani aliweza kuikosa, amekosa vingi. Lakini wanawake aliowacheza kwa mikono yake walikuwa wanamwapia uongo, wote, macho makavu. Hivyo ndivyo alivyoona, angeonaje vingine? "Nimewafundisha nini mie?" aliniuliza, na hakuwa anataka jibu. Alianza kuwajibu salamu zao kwa kifupi. Mmoja alimleta mtoto wake amtie baraka, akamwambia ana kazi.

Alikuwa na shoga yake mmoja, akikaa Temeke, mumewe mtu wa bandarini. Walichezwa siku moja, chini ya kungwi mmoja, wakiwa wasichana, na kwetu hao wanazikana. Huyu naye alinunua cherehani. Alitoka Temeke, akayapita maduka yote ya njiani, akaja mpaka Kinondoni ili kijiti kiwe cha shoga yake. Nilimpokea mwenyewe, nikamwamkia, akanishika shavu. Karatasi yake ilikuwa kavu, imekunjwa vizuri ndani ya kitambaa. Nikambadilishia.

Jumamosi ile kumi na nne haikuongezwa kijiti. Mama mdogo akaniuliza mara tatu kama nimeangalia vizuri. Na wiki hiyohiyo binti wa kwanza wa yule shoga alikuwa amewekwa ndani, anangojewa kuchezwa, na kungwi wake alikwisha kuteuliwa tangu siku aliyozaliwa. Ni mama mdogo.

Sasa naja kwenye Ijumaa ya moto.

Karani alipatwa na homa. Kabla hajaondoka Alhamisi, akitetemeka na shati lake la mikono mirefu, aliniambia boksi limejaa, kesho nilichome uani. Asubuhi nikalivuta, nikalimwagia mafuta ya taa kidogo, nikawasha. Moshi wa kwanza ulikuwa wa mafuta ya taa. Wa pili ulikuwa wa nyumbani kwetu.

Nilisimama pale nikigeukageuka, nikidhani mama mdogo ameingia uani. Nilimtafuta kwa macho kweli. Kisha nikainama, na nikaona udi unatoka kwenye boksi. Nikatia mkono, nikachomoa karatasi kadri nilivyoweza, nikaungua vidole. Kumi na nne. Kumi na nne. Sita. Kumi na nne. Kumi na tisa. Hakuna hata moja iliyokuwa na alama ya kalamu kuonyesha imeoanishwa, na boksi lilikuwa limejaa hadi juu, miezi mitatu minne ya kusema karibu. Hakuna aliyeligusa tangu nilipoanza kulijaza, lile la kabla yake lilipoondolewa.

Ningependa kuandika kwamba nilielewa yote palepale. Sikuelewa. Nilianza kujibishana na nafsi yangu kama wakili: labda ameziandika kwingine, labda karatasi ikishaoanishwa ndiyo huchomwa, vinginevyo kwa nini aniambie nichome, mtu mwenye hatia si angechoma mwenyewe? Nilikuwa na karatasi saba mkononi. Mlango wa uani ukafunguliwa, tajiri akachungulia, akauliza kwa upole kama moto hautafika kwenye mabanda ya jirani. Nikasema hautafika. Na mbele yake nikazirudisha zile saba motoni, moja moja, kama mtu anayefanya kazi yake. Kwa nini nilifanya vile sijui. Nimejiuliza miaka yote hii na kila mwaka napata jibu tofauti.

Nilirudi nyumbani nimeazimia kumwambia. Nikamkuta ndiyo kwanza ametoka Temeke, hajavua hata khanga ya kichwani, anazunguka chumbani.

"Nimemwambia simchezi mwanawe," alisema. "Atafute kungwi mwingine. Namwuliza karatasi yangu kaifanya nini, ananiambia kaitoa mlangoni. Namwambia ubaoni haipo. Kanitazama, halafu ananiambia, 'Shoga, kikulacho ki nguoni mwako.' Mie! Ananitolea methali mie! Nina nini nguoni kwangu?"

Nguoni kwake nilikuwa mimi. Nilikuwa nimekaa kitandani nazikunja khanga zake, nywele zangu zinanuka moshi na udi, na yule shoga alikuwa amejua, akasitiri jina langu kwa methali, akakubali kutukanwa. Nilifungua kinywa. Nikauliza kama nimpashie chai.

Jumamosi sikusema. Jumapili sikusema. Kila nilipoanza niliona itabidi nieleze na mwaka mzima wa kutouliza, nikachoka kabla ya neno la kwanza. Jumapili jioni nilimwona amekaa na lile kopo la kokwa mapajani, hazihesabu, ananitazama mimi nikiosha vyombo.

Jumatatu karani alirudi, amekonda, akakaa kwenye kaunta mkabala na meza yangu. Watu walikuwa wengi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa naandika, nikaona ukingo wa khanga umesimama mbele yangu, na mdomo wangu ukaanza wenyewe, "Shikamoo mama, karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu."

Nikainua uso. Alikuwa amevaa khanga zake za kutokea, doti mpya, na wanja machoni, kama anayekwenda kumtoa mwali. Alifungua pindo polepole, akaninyooshea karatasi. Haikuwa imelowa. Haikuwa imechanika wala kujikunja. Ilikuwa mpya kabisa, mhuri wa kumi na nne unang'aa, na ilinukia udi mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yake akavuta hewa.

Karani alikuwa anatutazama. Hakujua huyu ni nani wangu, kwake alikuwa kumi na nne tu, mmoja wa wale akina mama wa Jumamosi. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia apite na karatasi yake hiyohiyo. Ilikuwa kazi ya neno moja. Lakini mikono ilikuwa imekwisha kuzoea, na shingo ilikuwa inaogopa kaunta, na mama mdogo alikuwa ameinyoosha ile karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama wote. Nikaipokea. Nikaitia chini ya meza. Nikachana nyingine, nikampa.

Hakuweza kusoma maneno, lakini namba alizijua. Aliitazama ishirini na mbili kwa muda. Uso wake haukuonyesha hasira. Ulionyesha kitu kama nafuu, na hilo ndilo lililonichoma: kwamba alifurahi. Wanawake wake hawakuwa wamemdanganya. Akaifunga ile karatasi kwenye pindo, akakaza fundo, akasema, "Ahsante, mwanangu. Umenipokea vizuri." Akageuka akatoka bila kufika kaunta, na kutoka mlangoni nilimwona akivuka barabara kuelekea kwenye magari ya Temeke.

Siku ya pili nilimwambia tajiri. Nilimweleza yote nikilia, nikichanganya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Lakini cherehani zimenunuliwa?" Nikasema zimenunuliwa. "Na watu wamekuja?" Wamekuja. Akautazama ubao. "Sasa huyo ishirini na mbili si amefanya kazi?" Nikamwambia ishirini na mbili hakumleta mtu hata mmoja, wote waliletwa na wengine, ishirini na mbili ni karani wako. Akafikiri sana. "Mbona aliniambia anakaa Mbagala?" Sijui kama alikuwa mjinga au alikuwa hataki usumbufu. Wiki iliyofuata ubao ulifutwa, mpango ukaisha, meza yangu ikaondolewa nami pamoja nayo. Karani alibaki na kalamu zake mbili.

Binti wa Temeke alichezwa. Mama mdogo alikwenda na mimi, nikamshikia vyombo vyake. Uani kulikuwa kumejaa wanawake, wengi wao wa Mwananyamala, wale wa kokwa za ukwaju, waliokuja huku bado wamenuna kwa kuitwa waongo. Nilikuwa nimebeba sinia la maandazi. Nilijua lazima atasema kitu, na nilijua ana haki ya kusema. Nilijitayarisha. Nilikuwa mwanamke niliyeachika, sina kazi, na jina langu lilikuwa mikononi mwake mbele ya watu wote ambao ningeishi nao maisha yangu.

Alisimama, akashika magoti yake, akawaambia, "Nawatakeni radhi. Niliwadhania vibaya. Karatasi nilizokuwa nawapeni zilikuwa mbovu, za kitabu kingine, na mie sikuona. Macho yangu yamekwisha, wanangu. Namba sizioni tena. Kosa langu."

Wakacheka, wakampigia vigelegele, wakaja kumbusu mikono. Shoga yake hakucheka. Alinitazama mimi, akalichukua sinia mikononi mwangu, akayagawa maandazi mwenyewe.

Yule alikuwa mwali wake wa mwisho mkubwa. Watu hawakuwa na ubaya naye, walimpenda kama zamani, lakini nani atamwachia mwanawe kungwi asiyeona? Walikuja kumjulia hali na kumletea matunda, na ngoma wakawapelekea wengine. Walimsemesha kwa sauti kubwa, kana kwamba masikio nayo yamekwenda. Naye aliitika, akapapasa kikombe mezani wakati wageni wapo.

Wakishaondoka alirudi kwenye kazi yake. Alikuwa akishona kwa mkono, mashuka ya watoto wachanga na mito, amekaa kwenye kibao chake mlangoni, na mimi nikimpigia pasi. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Siku moja uzi ulipoisha nilinyoosha mkono nimtungie, akaisogeza sindano mbali nami kidogo. Akalamba ncha ya uzi, akautunga mwenyewe kwenye tundu, mara moja, bila miwani.